Windows yako si feki

"Fundi, nimepigwa. Nimeuziwa laptopu yenye Windows feki."

Juzi nimeambiwa hivyo tena, safari hii na mwalimu wa sekondari. Mashine yake ilikuwa mpya, zawadi ya mdogo wake. Mwezi mzima alitungia mitihani humo bila shida, hadi siku alipochomeka flashi aweke programu ya matokeo ya shule. Kompyuta ikagoma: haipokei kitu kisichotoka Microsoft Store, duka la programu la Microsoft mtandaoni. Akaenda kwa fundi mmoja mtaani, akatoa elfu 30, akapigiwa Windows iliyokrakiwa juu ya ile halali iliyokuja na mashine. Mitihani yote ikafutika.

Jamani, ile ni S Mode tu, hali ya Windows inayokubali programu za duka hilo peke yake. Microsoft ilianza na Windows 10 S mwaka 2017, toleo la peke yake lililokubali programu za dukani pekee. Mwaka uliofuata ikaligeuza kuwa hali inayowashwa kiwandani, na leo kwenye Windows 11 inapatikana kwa Home tu, toleo la kawaida la nyumbani. Utaikuta zaidi kwenye zile laptopu ndogo za bei ya chini, zinazonunuliwa kwa ajili ya wanafunzi.

Kutoka humo ni bure. Washa intaneti, ingia kwa akaunti yako ya Microsoft, fungua Settings, halafu System, halafu Activation. Tafuta sehemu iliyoandikwa Switch to Windows 11 Home, gusa kiungo cha kwenda dukani, kisha Get. Basi. Hakuna kufomati, hakuna faili linaloguswa. Ila macho yawe wazi: pengine kwenye ukurasa huohuo kuna sehemu nyingine, Upgrade your edition of Windows. Hiyo inakupeleka kununua toleo la juu, na wengi wameona bei pale wakaamini kutoka kunalipiwa. Jambo la pili, ukishatoka hurudi tena.

Kwa hiyo usitoke kwa pupa. Laptopu ya mama yangu nimeiacha humohumo kwa makusudi. Yeye ni kivinjari, WhatsApp na barua mbili tatu za kanisa. Flashi za watu zikiingia na faili za .exe (za kuendesha programu) zenye uchafu, hazifunguki, nami nalala usingizi. Nikimweleza mteja hivi ananitazama kama nimekwepa kazi.

Wengine husema programu za kawaida za kompyuta zinakufa, kila kitu kitakuwa cha dukani kama simu. Najua hofu hiyo ilikotoka. Windows 8 ya mwaka 2012 ndiyo iliyoleta duka, na dada yake, Windows RT, haikukubali kabisa uweke programu za zamani. Soko likaikataa. Tangu Windows 11 ya mwaka 2021 mambo yamegeuka: duka lenyewe linapokea programu za kawaida kama zilivyo, mtengenezaji hahitaji kuziandika upya.

Wengine nao huniambia, "Cha dukani ni salama." Kwa kiasi. Mwaka 2014 Microsoft iliondoa zaidi ya programu 1,500 za kulaghai kwenye duka lake, nyingine zikiuza kwa pesa kitu ambacho mwenyewe anakigawa bure. Soma jina la mtengenezaji kabla ya kubonyeza. Ukiombwa ulipie VLC, ile programu ya bure ya kuchezea video, kimbia.

Wapo pia wanaolalamika kwamba programu ya dukani ni nusu-nusu, haina uwezo wote wa ile ya kawaida. Hapo mteja ana haki kidogo. Upande wa Mac, Apple ilipolazimisha mwaka 2012 kila programu ya dukani ifungiwe kwenye boma lake, isiguse mafaili ya wengine hovyo, watengenezaji kadhaa walipunguza uwezo wa programu zao au wakaondoka. Kabla ya kulipa, linganisha na ile ya kwenye tovuti yao.

Na je, duka linakula bando? Ndiyo, programu za dukani hujisasisha zenyewe. Ukitumia hotspoti ya simu, ingia kwenye mipangilio ya Wi-Fi uwashe Metered connection, duka litatulia.

Mwalimu nimemwekea Home upya bila kuandika namba yoyote. Leseni imo ndani ya ubao mama, ikajitambua yenyewe. Mitihani anaitunga tena kwa mkono.