Sheria ya Msamaria Mwema haikupi kibali cha kugawa pilau bustanini

Nikiambiwa tena kwamba “Sheria ya Msamaria Mwema inatulinda,” nitaanza kulipisha kwa neno badala ya saa. Wachungaji wa Kikongo, maimamu, vyama vya Watanzania na Wakenya, vijana wa kwaya: wanapika Jumamosi, wanapakia masufuria kwenye gari, wanakwenda katikati ya jiji kuwagawia watu wanaolala nje. Kazi njema. Mimi ni mwanasheria wa mambo ya manispaa hapa Texas, na nikiwauliza kibali kiko wapi, kabla sijamaliza swali nishatajiwa Msamaria.

Sheria hiyo ipo, sibishi. Ni ya shirikisho, imepewa jina la Bill Emerson, mbunge wa Missouri aliyefariki mwaka 1996, na Rais Clinton aliitia saini Oktoba 1 mwaka huohuo. Wenye maduka na mikahawa walikuwa wakitupa chakula kizima jalalani kwa kuogopa kushtakiwa na mtu atakayeumwa tumbo, ndiyo hofu iliyokusudiwa kuondolewa. Inasema hivi: ukitoa kwa nia njema chakula kinachoonekana kuwa salama, ukakipeleka kwa taasisi isiyofanya biashara ili wahitaji wapewe, huwajibiki kwa hali ya chakula hicho, iwe kwa madai au kwa jinai, isipokuwa kama ulifanya uzembe uliopindukia au ulikusudia kudhuru. Taasisi inayokigawa nayo inapata kinga hiyo, na wala haihitaji kuwa imesajiliwa, mradi iendeshwe kwa ajili ya dini, hisani au elimu na faida isiingie mfukoni mwa mtu. Januari 2023 sheria ikapanuliwa, mikahawa, maduka, wakulima na wengine wa aina hiyo wakaruhusiwa kumpa mhitaji moja kwa moja na bado wakalindwa.

Haya. Isome tena ukitafuta neno bustani. Tafuta kibali, mtaa, saa za kugawa. Hayamo. Sheria ya Emerson inajibu swali moja tu: mtu akila akaugua, nani ataubeba mzigo? Polisi aliyesimama pembeni ya meza yenu ana swali jingine kabisa: nani amewaruhusu kugawa chakula hapa? Bima ya gari haikupi leseni ya udereva. Tena watunga sheria, kana kwamba waliwaona wateja wangu kwa mbali, waliweka kifungu kinachosema wazi kwamba sheria hiyo haizitangui kanuni za afya za jimbo wala za mji.

Chukua Houston. Tangu mwaka 2012, sheria ndogo za jiji zinamtaka anayelisha zaidi ya watu watano wenye uhitaji kwenye eneo lisilo lake awe na ruhusa ya mwenye eneo. Eneo likiwa la umma, mwenyewe ni jiji. Watu wa kikundi kiitwacho Food Not Bombs walikuwa wakigawa chakula nje ya maktaba kuu kwa miaka mingi bila kuguswa. Machi 2023 polisi wakaanza kuwaandikia tiketi, huku jiji likiwataka wahamie kwenye kiwanja chake cha mtaa wa Riesner. Tiketi zikawa makumi. Julai mwaka huo juri ikamwona wa kwanza wao hana hatia, na Februari 2024 jaji wa shirikisho akalizuia jiji kuitumia sheria hiyo dhidi yao wakati kesi ikiendelea. Hoja iliyowabeba mbele ya jaji ilikuwa uhuru wa kujieleza, ule wa Marekebisho ya Kwanza ya Katiba. Haikuwa Emerson. Na zuio lile lilikuwa lao, waliolipigania mahakamani. Kikundi chenu cha maombi hakimo.

Au San Antonio, mwaka 2015. Mpishi mmoja mwenye kibali halali cha gari la chakula aliandikiwa tiketi ambayo faini yake ingeweza kufika dola 2,000, kwa sababu siku hiyo chakula alikibeba kwa gari jingine. Kibali kilikuwa cha gari lile, si cha mtu. Tiketi ilifutwa baadaye, lakini mnaona jinsi mambo haya yanavyosomwa: kwa herufi.

Kuna jambo la pili kuhusu kinga hiyo, nalo huwa linaninyima usingizi kuliko polisi. “Chakula kinachoonekana kuwa salama” maana yake kimetimiza viwango vyote vya ubora vilivyowekwa na sheria, zikiwamo za mji. Sasa tuzungumze kuhusu pilau. Wali uliopikwa ukikaa vuguvugu kwa saa nyingi unazalisha sumu ya bakteria aitwaye Bacillus cereus, na sumu yenyewe haiondoki kwa kupashwa moto. Chakula cha moto kinatakiwa kibaki kwenye nyuzi 57 za Selsiasi au zaidi mpaka kinafika kwenye sahani. Hotpoti linachelewesha kupoa, basi. Halipiki wala haliui kitu. Mama mmoja aliniapia kwamba lake linakaa na moto mpaka kesho yake. Mama yangu, linakaa na joto la kuwafurahisha hao bakteria! Watu wananunua sufuria la kulisha harusi nzima, lakini kipimajoto cha kuchomeka kwenye chakula hawana. Nunueni kipimajoto. Andikeni kwenye daftari saa na nyuzi mlizopima. Siku mtu akiugua na wakili wake akadai uzembe uliopindukia, daftari hilo litawatetea kuliko mimi.

Na pateni barua. Mke wangu ananicheka kwa jinsi ninavyoirudia, lakini barua moja ya mwenye kiwanja, yenye anwani, siku, saa, sahihi na namba ya simu inayopokewa wikendi, imemaliza mabishano mengi kuliko hotuba zangu zote. Toeni nakala, kila gari liwe na yake.

“Ni ibada, hawawezi kutugusa”

Wanaweza. Mahakama ya Juu ilisema mwaka 1990 kwamba sheria isiyolenga dini na inayomhusu kila mtu inamfunga pia mwenye dini. Bunge likajibu mwaka 1993 kwa sheria ya kulinda uhuru wa dini, lakini mwaka 1997, katika kesi ya mji wa Boerne wa hapahapa Texas, mahakama ikaamua kwamba sheria hiyo haiwezi kuyabana majimbo na miji. Kwa hiyo inategemea uko jimbo gani. Texas ina sheria yake ya aina hiyo, na ndiyo iliyowapa ushindi wahudumu wa Kikristo dhidi ya jiji la Dallas mwaka 2013. Kule Orlando, Florida, kanisa lilishindwa. Jiji lilisema ukilisha watu 25 au zaidi kwenye bustani zilizo ndani ya maili mbili kutoka makao yake makuu, uwe na kibali, na kila bustani unaipata mara mbili tu kwa mwaka. Mwaka 2011 mahakama ya rufaa ikasema jiji halijakosea.

Ardhi yenu wenyewe ni habari nyingine, na hapo ndipo ningependa mngeanzia. Kuna sheria ya shirikisho ya mwaka 2000 inayozuia miji kutumia kanuni za matumizi ya ardhi kulemea dini bila sababu nzito. Brookings, mji mdogo wa Oregon, ulitaka makanisa ya maeneo ya makazi yagawe chakula siku mbili tu kwa wiki. Kanisa la Mtakatifu Timotheo likaenda mahakamani, na Machi 2024 likashinda. Mnao ua wa kanisa, mnao uwanja wa msikiti wenye maegesho. Mnakwenda kugombania bustani ya jiji kwa nini?

“Marekani imepiga marufuku kulisha homlesi”

Hakuna sheria ya shirikisho ya namna hiyo. Ni sheria ndogo za mji mmoja mmoja, na miji miwili jirani inaweza kutofautiana kabisa. Ile picha ya mzee wa miaka 90 aliyezuiwa na polisi akigawa chakula, ambayo kila mwaka inarudi WhatsApp na maelezo kwamba alifungwa, ni ya Arnold Abbott wa Fort Lauderdale, Florida, Novemba 2014. Alitishiwa siku 60 jela na faini ya dola 500, akaandikiwa hati ya kufika mahakamani, na siku chache baadaye alikuwa mitaani tena na sahani zake. Mwaka 2018 mahakama ya rufaa ilisema, katika kesi ya wengine wa mji uleule, kwamba kushirikiana chakula bustanini kunaweza kuwa kauli inayolindwa na Katiba. Ni mahakama ileile iliyoamua kesi ya Orlando, ndiyo. Mazingira ya kila kesi yana uzito wake.

Na hukumu ya Mahakama ya Juu ya Juni 2024 kuhusu mji wa Grants Pass, Oregon, inahusu kulala na kupiga kambi mahali pa umma. Chakula hakimo. Acheni kuisambaza.

“Mkiwalisha hawatatoka barabarani”

Hii inatoka kwa maofisa wa miji na kwa baadhi ya waumini wetu pia. Hesabu ya serikali ya Januari 2024 ilikuta watu 771,480 wasio na makazi nchini kote. Yeyote aliyewahi kutafuta nyumba ya kupanga hapa kwa mshahara wa kiwandani anajua sababu kubwa, wala si sahani ya maharage. “Si wana SNAP?” SNAP, msaada wa serikali wa kununulia chakula, kwa kawaida hainunui chakula cha moto kilichopikwa tayari, isipokuwa kwa mpango maalumu ulio katika majimbo machache. Anapewa pesa ya mchele, jiko hana.

“Tiketi ni karatasi tu, tutalipa yaishe”

Kwa raia, pengine. Kwa mwenye green card, hapana. Fomu ya N-400 ya kuomba uraia inauliza kama umewahi hata mara moja kukamatwa au kuandikiwa tiketi na polisi. Tiketi ya kugawa chakula peke yake ni vigumu kumkosesha mtu uraia, ila aliyejibu “hapana” halafu ofisa akaiona kwenye kompyuta sasa ana tatizo la uongo, ambalo ni kubwa kuliko tiketi. Msilipe kabla ya kuongea na wakili, maana kulipa mara nyingi ni kukiri kosa. Kesi ikiisha, hata kama imefutwa, nendeni kwa karani wa mahakama ya jiji mwombe nakala ya uamuzi yenye mhuri, na muiweke pamoja na pasipoti.