Thabeet, Harden na mizani ya kumpimia Sam Presti

Wiki hii nimeambiwa tena, na mtu ninayemheshimu, kwamba Memphis walikuwa vipofu walipomchukua Mtanzania mwenzetu Hasheem Thabeet katika zamu ya pili ya drafti ya mwaka 2009, yaani mchakato ambamo timu za NBA, ligi ya mpira wa kikapu ya Marekani, huchagua wachezaji wapya kwa zamu, na kwamba Sam Presti, meneja mkuu wa Oklahoma City, alionyesha upeo wake alipomchukua James Harden, aliyekuja kuwa nyota, katika zamu ya tatu. Kwa kuwa kazi yangu ni kusaka vipaji, siwezi tena kuinyamazia hoja hii.

Presti hakuwahi kuwekwa mbele ya uamuzi ule. Zamu yake ilipofika, Thabeet alikuwa amekwisha kuchukuliwa, na hakuna ajuaye kama angemwacha. Tena Stephen Curry alikuwa bado yupo hadi zamu ya saba, na sijasikia mtu akimlaumu Presti kwa kumpita. Ndivyo ilivyokuwa pia mwaka 2007: Portland walimchagua Greg Oden katika zamu ya kwanza, kisha Presti akamkuta Kevin Durant mezani. Chaguo lile halikuhitaji ubingwa.

Ubingwa upimwe mahali ambapo wengi hukosea, yaani kwenye zamu za nyuma. Serge Ibaka alipatikana katika zamu ya 24 mwaka 2008, na Jalen Williams katika zamu ya 12 mwaka 2022. Lakini anayeyataja hayo awataje pia Cole Aldrich na Aleksej Pokusevski, ambao hawakung'ara, na akumbuke kwamba Ousmane Dieng aligharimu machaguo matatu ya raundi ya kwanza, yaani haki tatu za kuchagua mchezaji katika drafti.

Kulimbikiza machaguo ni kazi nyingine kabisa, na hapa ndipo watu wanaponichosha, kwa sababu huyahesabu kama vile yote yana thamani moja. Chaguo la timu inayoshinda huangukia mwishoni mwa raundi. Haki ya kubadilishana zamu na timu nyingine haina faida iwapo zamu yako mwenyewe ndiyo bora. Na kikosi kina nafasi 15 tu za mikataba ya kawaida, hivyo chaguo lisilouzwa kwa wakati huishia kwa kijana asiye na pa kuchezea. Mwaka 2019 Paul George, nyota wa Oklahoma City, aliomba kuondoka, na timu ya Clippers ilimhitaji ili nyota mwingine, Kawhi Leonard, akubali kujiunga nayo. Presti alitambua jinsi mnunuzi alivyobanwa, akadai Shai Gilgeous-Alexander, Danilo Gallinari, machaguo matano ya raundi ya kwanza na haki mbili za kubadilishana. Williams alitokana na mojawapo ya machaguo hayo. Shai, aliyeongoza Oklahoma City kutwaa ubingwa wa NBA wa 2025, alichaguliwa na Charlotte mwaka 2018, kabla ya kufika Clippers. Sifa ya Presti hapo iandikwe kwenye safu ya biashara, si ya drafti.

Kinachonitatiza hadi leo ni kutenganisha kuchagua na kulea. Msimu wake wa kwanza, Thabeet alicheza nyuma ya Marc Gasol, akapata wastani wa pointi 3.1, na kabla msimu haujaisha akapelekwa ligi ya maendeleo, ligi ndogo ya NBA ya kukuzia wachezaji. Je, angelelewa kwingine? Presti alimsajili mwaka 2012, na katika misimu miwili ya Oklahoma City hakupata dakika nyingi. Lakini alifika pale akiwa na miaka 25, baada ya kuhamahama timu, na sijui ni kiasi gani cha yule kijana wa 2009 kilikuwa kimebaki cha kulelewa.