Futi Sita na Inchi Tatu: Tunavyokosea Kumsoma Kijana wa Hoki ya Barafu Kabla ya Drafti

Barzani kwetu Mji wa Kale, Mombasa, drafti ni ubao na vizibo vya soda. Kwa hiyo niliposema kwamba mpwa wangu huko Kanada anasubiri drafti, mzee mmoja aliweka kikombe chake cha kahawa chini, akaniuliza: "Anacheza na nani?"

Ikabidi nieleze. Mwana wa dadangu ana miaka 15, urefu wake futi sita na inchi tatu, na ni mshambuliaji wa hoki ya barafu mkoani Ontario. Ligi ya vijana ya huko, OHL, ina timu 20. Kila mwaka, msimu ukishamalizika, timu hizo huchagua kwa zamu vijana wanaotimiza miaka 16 mwaka huo, raundi 15 nzima. Kabla ya siku hiyo maskauti, yaani watafuta vipaji wa timu, huzunguka viwanjani na daftari zao, na kila familia yenye kijana mrefu huanza kupiga hesabu.

Sasa barza imegeuka ofisi ya skauti. Mechi ya huko ya saa moja jioni huku kwetu ni saa tisa usiku, na saa za kwao zikisogezwa mbele mwezi Machi inakuwa saa nane. Ramadhani tuliiita mechi ya daku. Simu huegemezwa kwenye dele la kahawa, na kila mtu ana fatwa yake. Nyingi si sahihi. Dadangu ananiambia hizohizo anazisikia kwa wazazi waliokaa naye jukwaani, watu waliozaliwa na barafu mlangoni.

"Anatolewa kila dakika. Kocha hampendi."

Nianze na hili kwa sababu ndilo lililotaka kuleta ugomvi. Ami mmoja hapa alicheza hoki ya nyasi ujanani, na hoki ya nyasi kwetu si mchezo wa kubezwa: katika Kombe la Dunia la kwanza, Barcelona 1971, Kenya ilimaliza nafasi ya nne. Yeye amezoea mchezaji akiingia amekaa. Hoki ya barafu haiko hivyo. Wanakuwa watano na kipa, wanakimbia kwa nguvu zote kwa kama sekunde 45, kisha wanaruka ukuta kwenda benchi na wengine wanaingia, bila mpira kusimama. Si mpira hata hivyo, ni paki, kisahani kigumu cha raba nyeusi chenye uzito wa gramu 170 hivi. Kijana anayekaa barafuni dakika mbili mfululizo hasifiwi na skauti. Anaandikiwa kwamba hajui kutoka.

"Kwa urefu ule, tayari ameshachaguliwa."

Hapa ndipo penye mambo.

Wavulana wengi hurefuka kwa kasi kubwa zaidi karibu na miaka 13 au 14, lakini "karibu" hiyo ni pana. Mmoja anaruka akiwa na 12, mwingine akiwa na 16. Wapange wote mstari mmoja wakiwa na miaka 15, na utakuwa umempanga mtu mzima kando ya mtoto, ingawa vyeti vyao vya kuzaliwa vinalingana. Daktari anaweza kupiga eksirei ya mkono wa kushoto na kusoma umri wa mifupa, na umri huo unaweza kupishana na wa cheti kwa mwaka au zaidi. Skauti hana eksirei. Anachofanya ni kuwatazama wazazi. Ipo hesabu ya zamani wanayoitumia madaktari wa watoto: jumlisha urefu wa baba na wa mama kwa sentimita, ongeza 13 kama mtoto ni wa kiume, gawa kwa mbili. Jibu linaweza kukosea kwa sentimita nane au tisa juu au chini, lakini linakupa picha. Dadangu aliniambia bwana mmoja mwenye kofia na daftari alimwendea kwenye foleni ya chai, akamsalimia vizuri, na macho yake yakapanda mpaka kwa mumewe, yakashuka mpaka kwenye viatu. "Alitupima kama fundi nguo," alisema.

Shida ya aliyerefuka mapema ni kwamba mchezo unamdanganya. Nchini Kanada, tangu 2013, watoto wa chini ya miaka 13 hawaruhusiwi kugongana kwa mwili. Kugongana kunaanza palepale ambapo tofauti ya miili ni kubwa kuliko wakati wowote mwingine wa maisha yao. Kijana mwenye kilo 85 anapita katikati ya wenye kilo 55 kama matatu inavyopita katikati ya tuktuk, na anafunga mabao. Anasifiwa. Na mgema akisifiwa tembo hulitia maji: anaacha kujifunza kupiga chenga, kwa nini ajisumbue? Akifika 18 wote wamemfikia kwa kimo na kwa misuli, na yeye hana la pili.

Kwa hiyo skauti mzuri anapotazama bao la kijana mrefu hujiuliza swali moja: kama wote hapa wangekuwa sawa naye kwa mwili, bao hili lingeingia? Nimejaribu kulitumia swali hili barzani na limeniharibia starehe. Mabao matatu ya mpwa wangu tuliyoyapigia kelele mpaka jirani akafungua dirisha, mawili hayapiti mtihani huo.

Mfano ninaowapa wanaobisha ni drafti ya 2003 ya NHL, ligi kuu ya kulipwa ya Marekani na Kanada. Timu ya New York Rangers, nafasi ya 12, ilimchukua winga Hugh Jessiman, futi sita na nusu. Alikuja kucheza mechi 2 tu katika NHL, mwaka 2011, tena na Florida Panthers. Waliochaguliwa nyuma yake raundi hiyohiyo ni pamoja na Zach Parise nafasi ya 17, Ryan Getzlaf ya 19 na Corey Perry ya 28. Na hawa waliokosea ni watu wazima wanaolipwa kutazama, wakimtazama kijana aliyekwishafika chuo kikuu. Sasa fikiria kumpima wa miaka 15.

"Basi urefu si kitu, ni kipaji tu."

Wapo waliosoma kidogo wakavuka upande wa pili. Wanamtaja Martin St. Louis, futi tano na inchi nane, ambaye hakuna timu iliyomchagua kwenye drafti. Alitwaa Kombe la Stanley, la bingwa wa NHL, mwaka 2004, na akaongoza ligi nzima kwa pointi, yaani mabao na pasi za mabao, 2004 na 2013. Ni kweli tupu. Lakini kumtaja yeye ili kuthibitisha kwamba urefu hauna maana ni kama kumtaja jamaa aliyevuka Likoni kwa kuogelea ili kuthibitisha kwamba feri haina kazi.

Urefu una kazi barafuni, na kazi yake inaonekana. Mkono mrefu na gongo refu vinamwezesha mshambuliaji kuweka paki mbali na beki huku mwili wake ukiwa ukuta katikati. Sheria za NHL zinaweka kikomo cha gongo kuwa inchi 63 kutoka kisigino cha gongo, na mchezaji wa futi sita na nusu au zaidi anaweza kuomba ruhusa ya kufika inchi 65. Akisimama mbele ya goli, kipa haoni. Akinyoosha gongo, anaziba njia ya pasi ambayo mfupi angelazimika kuikimbilia.

Ila inachukua muda. Tage Thompson, futi sita na nusu, alichaguliwa nafasi ya 26 mwaka 2016. Katika misimu yake minne ya kwanza NHL hakufikisha mabao 10 hata mara moja. Buffalo Sabres wakamhamisha kutoka pembeni wakamweka katikati, na msimu wa 2021–22 akafunga 38, uliofuata 47. Alikuwa na miaka 24 mambo yalipofunguka. Mwili mrefu hukawia kumtii mwenyewe, na kwa maoni yangu hilo ndilo linalowaponza wazazi: wanataka jibu mwaka huu.

"Warefu ni wazito wa miguu, hilo halina dawa."

Hili nililiamini mimi. Mwaka jana nilimwona mpwa wangu akigeuka kama lori la makontena linalotafuta njia kwenye uchochoro wetu, nikasema moyoni, huyu mtoto aende kwenye mpira wa kikapu.

Kilichokuwa kikitokea ni kwamba miguu yake ilikuwa imerefuka haraka kuliko ubongo ulivyoweza kuizoea. Kijana wa namna hiyo hucheza amesimama wima, na akisimama wima hana nguvu ya kusukuma barafu. Anaburuzika tu juu yake. Dawa ni goti. Tazama goti linakunjwa kiasi gani, tazama kama kisu cha kiatu kinasukuma kwa pembeni au kinapiga nyuma, na hesabu hatua tatu za kwanza anapoanza kukimbia. Mengi hapo hufundishika. Tampa Bay Lightning walimchagua Brayden Point nafasi ya 79 mwaka 2014, na mbio zake zilikuwa miongoni mwa mambo yaliyowatia wasiwasi maskauti. Alifanya kazi na Barb Underhill, bingwa wa dunia wa kuteleza kwa jozi mwaka 1984, mwanamke ambaye kabla ya hapo alicheza kwa muziki na gauni la kumetameta. Point leo ni mmoja wa washambuliaji wepesi wanaoogopwa kwenye ligi ile. Yeye si mrefu, lakini goti ni goti.

"Tumeona video, tumemjua."

Kamera inafuata paki. Kazi kubwa ya mshambuliaji hufanyika mahali ambapo paki haipo.

Usiku mmoja tuliona hivi: mpwa wangu anapoteza paki pembeni, anatoka kwenye picha, barza inaguna. Sekunde sita baadaye paki iko upande mwingine na wenzake wanashambulia. Hakuna aliyejua imefikaje. Asubuhi nikamuuliza dadangu kwa sauti ya WhatsApp, naye akacheka: "Kaka, alirudi mbio uwanja mzima, akamwinua yule mwingine gongo kwa chini, paki ikampita." Skauti aliyekaa jukwaani aliiona hiyo na huenda akaiandika kabla ya bao lolote. Sisi tuliona mtoto aliyepoteza paki.

Ndiyo maana skauti huenda mapema kuwatazama wakipasha moto, na hurudi mara ya pili na ya tatu, ikiwezekana ugenini. Anatazama kijana anafanya nini akirudi benchi baada ya kukosea: anapiga gongo ukutani, au anakunywa maji na kusikiliza.

"Wote ni wa 2010, kwa hiyo wako sawa."

Aliyezaliwa Januari na aliyezaliwa Desemba wanaingia kundi moja, ingawa wamepishana karibu mwaka mzima. Mwanasaikolojia Mkanada Roger Barnsley aliandika kuhusu hili mwaka 1985: katika hoki ya Kanada, waliozaliwa miezi ya mwanzo ya mwaka walikuwa wengi kupita kiasi. Mpwa wangu ni wa Novemba. Kwa hiyo urefu wake unasema zaidi kidogo kuliko wa rafiki yake wa Februari, nami hilo nililisema barzani mara tatu kwa sauti.

Mengine ya harakaharaka

Kuchaguliwa si kusajiliwa. Timu inapata haki ya kumchukua ili nyingine za ligi ile zisimguse. Raundi 15 kwa timu 20 ni karibu majina 300, na watakaovaa jezi msimu unaofuata ni wachache mno.

Wazazi wengine bado wanaamini kwamba akicheza hata mechi moja ya OHL au ligi nyingine kuu ya vijana ya Kanada, mlango wa kucheza chuo kikuu Marekani umefungwa. Ilikuwa hivyo kwa miaka mingi. Novemba 2024 NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo vikuu vya Marekani, ilibadilisha kanuni, na tangu Agosti 2025 wachezaji wa ligi kuu za vijana za Kanada wanaruhusiwa.

Na ndiyo, Kenya ina hoki ya barafu. Ice Lions hucheza kwenye kiwanja cha hoteli ya Panari, kidogo kuliko vya kimataifa, na mwaka 2024 Kenya ilikubaliwa kuwa mwanachama mshiriki wa shirikisho la dunia. Hoteli yenyewe iko Barabara ya Mombasa, lakini upande wa Nairobi. Barafu yetu sisi ni ile inayowekwa juu ya changu na kolekole sokoni.

Wiki iliyopita nilimwomba dadangu asinitumie tena mabao. Nilimwambia apige video ya miguu tu, kuanzia magoti kwenda chini, zamu nne nzima. Akatuma. Nikaiegemeza simu kwenye dele, tukatazama visu viwili vikikata barafu, vikigeuka, vikianza upya. Mzee wa vizibo alisogea, akakaza macho muda mrefu.

"Mbona anakunja goti la kushoto tu?" akauliza.

Nikairudisha nyuma. Kweli.