Kuacha Sigara Mbele ya Watu Wako

Kila inapokaribia tarehe 31 Mei, Siku ya Kutotumia Tumbaku Duniani, maafisa wa afya ya umma nchini Kenya huletewa malalamiko kuhusu watu wanaovuta sigara katika baa, masoko na magari ya abiria. Malalamiko hayo ni ya haki, lakini yanaiachia serikali hata kazi ambayo mvutaji aliyeacha angeifanya vyema zaidi nyumbani kwake.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2008, uliowafuatilia watu 12,067 nchini Marekani kati ya 1971 na 2003, ulionyesha kuwa mume au mke anapoacha sigara, uwezekano wa mwenzake kuwa mvutaji hupungua kwa asilimia 67. Rafiki akiacha, kwa asilimia 36. Kwa hiyo tunamsihi anayeacha asijifiche. Awaambie jamaa na wafanyakazi wenzake siku aliyoipanga, na wamwone hata katika zile wiki za kwanza zenye hasira na usingizi wa mang'amung'amu, kwa sababu mvutaji anayemtazama anahitaji kujua kwamba hali hiyo hupita. Akiteleza akavuta tena, aseme wazi na apange siku nyingine; wengi huacha baada ya kujaribu zaidi ya mara moja.

Ila asigeuke askari wa wenzake. Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya 2007 ina wasimamizi wake, na anayevuta mahali pa umma anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 50,000, au kufungwa kwa muda usiozidi miezi 6, au kupewa adhabu zote mbili. Bado tunaambiwa kwamba dirisha likiwa wazi, ofisini panaruhusiwa. Hapana, na jambo hili tumelieleza mno: panaporuhusiwa ni katika sehemu iliyotengwa rasmi kwa wavutaji, yenye mfumo wake wa kupitisha hewa. Mlalamikaji amwone kwanza msimamizi wa jengo, ambaye naye anawajibika kisheria, kisha afisa wa afya ya umma wa kaunti, akitaja mahali, tarehe na saa.

Wapo pia wanaodai kwamba aliyevuta kwa miaka mingi hana tena cha kuokoa. Dai hili linaua watu. Mwaka mmoja baada ya kuacha, hatari ya ugonjwa wa moyo inayoletwa na sigara hupungua kwa takriban nusu. Anayehitaji ushauri apige 1192, nambari isiyotozwa malipo ya NACADA, mamlaka ya serikali ya Kenya inayopambana na matumizi mabaya ya pombe na dawa za kulevya.