Meli Ndefu, Mto Mwembamba: Kupiga Picha Itakayokuwa Ushahidi

Meli ya American Courage ina urefu wa mita 194 hivi. Mto Cuyahoga, unaopita katikati ya jiji la Cleveland, jimbo la Ohio nchini Marekani, sehemu nyingi upana wake haufikii hata nusu ya urefu huo. Hata hivyo meli za ukubwa huu hupanda mto kutoka Ziwa Erie, kona baada ya kona, chini ya madaraja ya kuinuliwa, zikipeleka madini ya chuma kwenye kiwanda kilichoko kilomita 9 hivi kutoka mdomoni mwa mto. Mara nyingi hakuna boti ya kuzivuta. Meli hujigeuza yenyewe kwa propela ndogo za kusukumia ubavuni. Ukiwa ukingoni, tazama maji karibu na omo, yaani sehemu ya mbele ya meli: upande mmoja yanachemka povu la rangi ya tope, na dakika chache baadaye omo yote inasogea upande wa pili.

Hayo ndiyo ya kupiga picha. Lakini wengi wanaotuletea picha kwenye hifadhi ya nyaraka wameivuta meli karibu kwa lenzi mpaka imejaza fremu, na meli ikiwa peke yake hivyo haina tofauti na iliyoko baharini. Rudi nyuma. Iache nguzo ya taa, ghala, au lile daraja jekundu la kuzunguka la Center Street ionekane kando ya ubavu, ili mtazamaji ajue ni nafasi ndogo kiasi gani iliyobaki. Lenzi ndefu, ukiwa umesimama kwenye kona, huikusanya meli, daraja na mji pamoja. Ni picha tamu, ila huudanganya umbali, kwa hiyo piga na nyingine pana.

Meli hupita polepole, karibu na mwendo wa mtu anayetembea. Mchana, shata ya 1/250 ya sekunde yatosha. Jioni, ukishuka hadi 1/30 na kamera iko kwenye stendi, daraja litatulia na maandishi ya jina la meli yanaweza kufifia kidogo. Ubavu wa meli nyingi ni wa rangi iliyokoza na nyumba ya nahodha ni nyeupe, basi punguza mwanga kidogo, la sivyo weupe ule utaungua. Reli zimepakana na mto: usisimame juu yake, hata kama pembe ni nzuri namna gani.

Sasa nije kwenye linalonikera kikazi, yaani picha isiyo na maelezo. Tarehe 22 Juni 1969, mafuta na takataka zilizokuwa zikielea juu ya Cuyahoga zilishika moto. Ulizimwa ndani ya nusu saa hivi. Jarida la Time, toleo la tarehe 1 Agosti, lilichapisha picha ya boti iliyozingirwa na moto na moshi. Picha hiyo ilikuwa ya moto mwingine, wa Novemba 1952, uliokuwa mkubwa zaidi. Meya wa Cleveland, Carl Stokes, aliwapeleka waandishi wa habari mtoni siku iliyofuata moto wa 1969, lakini walichokikuta ni daraja la reli lililoungua. Hasira ya umma ilichangia kupatikana kwa sheria ya maji safi ya 1972, na hilo ni jema. Hata hivyo mpaka leo watu husambaza moto wa 1952 wakisema ni wa 1969.

Kwa hiyo andika tarehe, saa, mahali uliposimama, jina la meli, na ilikuwa inapanda au inashuka. Hili la mwisho hupuuzwa. Baada ya kushusha mzigo, baadhi ya meli hurudi ziwani kinyumenyume, tezi (sehemu ya nyuma) ikitangulia. Omo ikielekea juu ya mto haithibitishi kwamba meli inapanda. Namba za kina zilizopakwa omoni husaidia: meli yenye shehena huzama zaidi, iliyo tupu huinuka na kuonyesha rangi ya chini. Zipige kwa ukaribu angalau mara moja.

Hakikisha pia saa ya kamera iko sahihi. Ukituma picha kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida, taarifa za tarehe na mahali zilizomo ndani ya faili huondolewa. Itume kama dokyumenti, na ile ya awali usiifute.