Super League ya Ulaya: Yanayosemwa Vijiweni na Yaliyotokea Kweli

Super League, mpango wa 2021 wa klabu 12 kubwa za Ulaya kuanzisha mashindano yao nje ya UEFA (shirikisho la soka la Ulaya), ikitajwa tu, vijiwe vya soka vinarudia hadithi ileile: matajiri wa Kimarekani walitaka kuuteka mpira, mashabiki wa England wakaingia barabarani, na baada ya siku mbili mambo yakaisha. Hadithi tamu, na nusu yake ni kweli. Nusu iliyobaki ndiyo inayoeleza kwa nini wazo hili kila likizikwa linafufuka.

"Lilikuwa wazo jipya la mwaka 2021"

Hapa tukae kidogo, maana ndipo wengi wanapopotea. Vitisho vya kujitenga vina umri mkubwa kuliko wachezaji wengi walioko uwanjani leo.

Septemba 1987, raundi ya kwanza kabisa ya Kombe la Ulaya, Real Madrid ilipangwa na Napoli ya Maradona. Enzi hizo ilikuwa mtoano mtupu, hakuna makundi. Napoli, bingwa wa Italia, akafungasha virago kabla msimu haujachangamka. Silvio Berlusconi, mmiliki wa AC Milan na mwenye televisheni zake, aliona ni wazimu wa kibiashara: mechi ya aina ile imetumika Septemba, na baada ya hapo mmoja wao hana cha kuuza. Akaagiza uandaliwe mpango wa ligi ya Ulaya ya televisheni. Mpango haukupita, lakini msimu wa 1991/92 UEFA ikaingiza hatua ya makundi, na 1992 likaja jina la Ligi ya Mabingwa.

Mwaka 1998 kampuni ya Media Partners ya Milan ikazunguka kwa vigogo na mpango mwingine wa kujitenga. UEFA ikajibu haraka. Kuanzia 1999/2000 Ligi ya Mabingwa ikawa na timu 32, nchi kubwa zikaruhusiwa kuingiza hadi timu nne, na Kombe la Washindi likafutwa moja kwa moja. Yaani ligi ya kujitenga haikuanzishwa, na bado waliotishia waliondoka na walichokuwa wanakitaka.

Na kabla hatujasahau, Ligi Kuu ya England yenyewe ni zao la kujitenga. Mwaka 1992 klabu 22 za daraja la juu zilijitoa Football League ili mikataba ya televisheni waisaini wenyewe na hela wagawane wenyewe. Leo hakuna anayeiita usaliti.

"Walitaka kuzihama ligi za nyumbani"

Hapana. Mpango uliotangazwa usiku wa Jumapili, 18 Aprili 2021, ulikuwa wa mechi za katikati ya wiki. Wikiendi kila mtu angebaki kwenye ligi yake. Timu zingekuwa 20, makundi mawili ya timu kumi kumi.

Shida ilikuwa kwenye namba nyingine: nafasi 15 kati ya hizo 20 zilikuwa za kudumu, tano tu ndizo za kugombea. Angalia Arsenal. Siku tangazo linatoka ilikuwa imetoka sare ya 1-1 na Fulham nyumbani, iko nafasi ya tisa, na Ligi ya Mabingwa ilikuwa haijaigusa tangu 2017. Leicester na West Ham zilikuwa juu yake kwenye msimamo. Chini ya mpango ule, Arsenal ingekuwa ndani kila mwaka hata ikimaliza ya kumi na nne, na West Ham ingesubiri mlangoni. Ndiyo maana siku ya pili yake, Leeds ilipoikaribisha Liverpool, mmoja wa waanzilishi, wachezaji wa Leeds walipasha misuli wakiwa na fulana zenye ujumbe kwamba nafasi ya Ulaya inatafutwa uwanjani.

"Ni tamaa ya Wamarekani"

Wamo, tena kwa wingi: Glazer wa Manchester United, wenye Liverpool, Kroenke wa Arsenal, na mfuko wa Elliott uliokuwa ukiimiliki Milan. Benki iliyotayarisha fedha, JP Morgan, ni ya kwao pia. Ila mwenyekiti wa mradi alikuwa Florentino Pérez wa Real Madrid, na makamu wake mmoja alikuwa Andrea Agnelli wa Juventus. Real Madrid na Barcelona hazina bwana mwenye hisa, zinamilikiwa na wanachama wanaopiga kura. Na ndizo hizo mbili zilizouganda mradi miaka na miaka baada ya wenzao kukimbia. Barcelona ilikuwa na madeni ya zaidi ya euro bilioni moja, na waanzilishi walikuwa wameahidiwa euro bilioni 3.5 za kugawana. Kwa hesabu hizo, uraia wa mtu hauna kazi kubwa.

"Bayern na PSG zilikataa kwa uzalendo wa mpira"

Bayern na Dortmund zina kanuni ya Ujerumani inayowapa wanachama kura nyingi, hivyo wakubwa wa klabu walijua wangeulizwa. Rais wa PSG, Nasser Al-Khelaifi, alikuwa pia mwenyekiti wa beIN, kampuni yenye haki za kuonyesha Ligi ya Mabingwa. Siku chache tu baadaye akachukua kiti cha Agnelli cha uenyekiti wa chama cha klabu za Ulaya. Uzalendo ukiwepo, haukuwa na hasara.

"Mashabiki ndio walioiua"

Walifanya kazi kubwa, hilo halina ubishi. Jioni ya 20 Aprili mamia ya mashabiki walifunga barabara nje ya Stamford Bridge, basi la Chelsea likakwama, na Petr Čech, kipa wa zamani aliyekuwa kiongozi klabuni, akaingia katikati yao akiwaomba wampe muda. Kufikia usiku timu zote sita za England zilikuwa zimejitoa.

Lakini siku hizohizo Boris Johnson alikuwa akitishia kutunga sheria, UEFA ikitishia kuwafungia wachezaji wasichezee timu za taifa, na wachezaji wa Liverpool wakiongozwa na Jordan Henderson wakaandika hadharani kwamba hawautaki mpango. Angekuwepo shabiki peke yake, sijui. Wenye klabu huwa wanamsikiliza shabiki vizuri zaidi serikali ikiwa imesimama nyuma yake. Na Bunge la Uingereza lilitunga kweli sheria mwaka 2025, yenye msimamizi huru anayeweza kuzizuia klabu kujiunga na mashindano ya aina hiyo.

"Mahakama ya Ulaya iliihalalisha"

Kichwa hiki cha habari kilizunguka sana 21 Desemba 2023, na kilipotosha. Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilisema kanuni za FIFA na UEFA za kutaka mashindano mapya yaombe kibali kwao kwanza zilivunja sheria za ushindani, kwa sababu hazikuwa na vigezo vilivyo wazi na vya haki. FIFA na UEFA walikuwa wakiendesha mashindano na wakati huohuo wakiamua nani mwingine aruhusiwe, bila kuonyesha wanaamua kwa kipimo gani. Hapo ndipo walipobanwa. Mahakama ikaongeza kwamba hiyo haina maana kuwa Super League lazima ikubaliwe. Kampuni ya A22, iliyokuwa ikiupigia debe mradi wa Super League, ilitoa mpango mpya siku ileile, wa timu 64 na kupanda na kushuka daraja. Manchester United na wengine wakajibu kabla ya jioni: tunabaki UEFA.

"Ile ya CAF ilikuwa kitu hichohicho"

Jina lilifanana tu. African Football League, iliyotangazwa awali kwa jina la Africa Super League na kuzinduliwa Uwanja wa Mkapa, Dar es Salaam, Oktoba 2023 kwa sare ya 2-2 ya Simba na Al Ahly, ilianzishwa na CAF yenyewe. Hakuna aliyejitenga na yeyote. Zilitangazwa timu 24 kule Arusha mwaka 2022, zikaja kucheza nane.

"UEFA ilisimama upande wa wanyonge"

Tarehe 19 Aprili 2021, dunia ikiwa imechemka, kamati kuu ya UEFA ilikaa Montreux, Uswisi, ikapitisha Ligi ya Mabingwa ya timu 36, mechi kumi kumi za mwanzo, na nafasi mbili za kubebwa na historia ya klabu barani. Historia, si nafasi kwenye ligi. Mwaka mmoja baadaye, mjini Vienna, mechi zikapunguzwa hadi nane na nafasi hizo mbili zikapelekwa kwa nchi zilizofanya vizuri zaidi msimu uliotangulia.

Matokeo yake, msimu wa 2025/26 England iliingiza timu sita, idadi ileile iliyosaini 2021. Tano ni zilezile. Ya sita ni Newcastle, badala ya Manchester United, waliomaliza nafasi ya 15 na kufungwa 1-0 na Tottenham kwenye fainali ya Europa League kule Bilbao. Tottenham nao walikuwa wa 17, wakaingia kwa ubingwa huo wa Europa League. Kwa mpango wa Pérez, wote wawili wangekuwa na tiketi mfukoni kabla filimbi haijapulizwa.