Thunder in the East: gitaa moja linavyotosha

Ukitaja hevi metali, ile roki nzito ya magitaa, ya Japani ya miaka ya themanini, albamu hii ya bendi ya Loudness ndiyo inayotangulia kutajwa, na mara nyingi kinachokumbukwa kwanza ni jalada. Jua jekundu linatupa miali pande zote, na jina la bendi limebandikwa juu yake. Hiyo ni bendera ya kijeshi ya Japani. Kikosi cha ulinzi wa baharini cha nchi hiyo kinaipeperusha hadi leo, na huko Korea na China watu wengi wakiiona wanakumbuka vita na kukaliwa, si muziki. Mwaka 1985 kampuni ya rekodi ya Atco ya Marekani ilikuwa inawauzia Wamarekani kitu kigeni, na jalada likafanya kazi hiyo. Ukiicheza albamu yenyewe sasa, utautafuta Ujapani mpaka uchoke. Hakuna koto, kile kinanda cha nyuzi cha Kijapani, hakuna filimbi ya mianzi, na nyimbo zote kumi zimeimbwa kwa Kiingereza.

Mimi ni fundi sauti, kwa hiyo jalada linanihusu kidogo tu. Albamu hii naipenda kwa jinsi ilivyopunguzwa. Akira Takasaki ni mpiga gitaa wao ambaye angeweza kumeza kila sekunde ya kila wimbo, na kwenye albamu za nyuma alikaribia kufanya hivyo. Hapa kuna mtu alimwambia asubiri.

Takasaki na mpiga dramu Munetaka Higuchi walianza kujulikana wakiwa kwenye bendi ya Lazy, vijana waliovalishwa vizuri na kupigishwa pop kwa ajili ya wasichana wa shule. (Mwimbaji wa Lazy, Hironobu Kageyama, ndiye baadaye aliyeimba wimbo wa kufungulia katuni ya Dragon Ball Z. Kwa hiyo huenda ukoo huu umeshausikia bila kujua.) Walichoka, na mwaka 1981 wakaunda Loudness kule Osaka, pamoja na Masayoshi Yamashita kwenye besi na Minoru Niihara kwenye sauti. Kufikia 1984 walikuwa na albamu nne za studio, na walishapiga Marekani na Ulaya. Ndipo Atco wakawasainisha.

Mtayarishaji aliyeletwa ni Max Norman, Mwingereza aliyeshika mitambo kwenye albamu mbili za mwanzo za mwimbaji Ozzy Osbourne, zile ambazo gitaa lilipigwa na Randy Rhoads. Yaani alishakaa na mpiga gitaa mwenye vidole vya haraka na alijua pa kumwachia na pa kumzuia. Sikiliza "Crazy Nights", wimbo unaofungua. Rifu yake, yaani kipande cha gitaa kinachojirudia, ni nzito, haina haraka, na mtoto wa shule mwenye gitaa anaweza kuijifunza mchana mmoja. Kiganja cha mkono wa kulia kinalalia nyuzi karibu na daraja, pale nyuzi zinapoegemea kwenye mwili wa gitaa, ili sauti ikatwe mapema, halafu kinanyanyuka na kodi (noti kadhaa kwa pamoja) inaachiwa ilie. Ule mkato ndio wenye uzito. Sauti ya gitaa lililokwaruzwa ikiachwa ilie mfululizo inafunika besi, inafunika dramu la mguu, na mwishowe wimbo mzima unageuka ukungu. Ikikatwa, dramu la Higuchi linapata mlango wa kupita, na sikio linahisi gitaa limekuwa kubwa zaidi ingawa limepiga kidogo.

Aliyekulia kwenye dansi atauliza mara moja: mpiga ridhimu yuko wapi? Bendi zetu zina solo, zina ridhimu, wakati mwingine na gitaa la tatu katikati, na kila mmoja ana njia yake. Loudness wana gitaa moja. Jukwaani Takasaki akiingia kwenye solo, ridhimu inakufa papo hapo, wanabaki besi na dramu. Yamashita haendi kucheza mbwembwe hapo. Anashikilia noti za chini, nene, sawasawa na mguu wa Higuchi, na sakafu haibomoki. Watu humsifia Takasaki kwa solo zake, lakini bila besi ile zingekuwa mazoezi ya vidole tu.

Na vidole vyenyewe sasa. Kwa kawaida mkono wa kushoto unabana uzi na wa kulia unauchokoa. Takasaki ni bingwa wa kutumia yote miwili juu ya shingo ya gitaa: kidole cha mkono wa kulia kinaugonga uzi kwenye chuma cha shingoni, noti inatoka, kisha kinauvuta kidogo kikitoka, na noti nyingine iliyokuwa imeshabanwa na mkono wa kushoto inalia. Ndiyo maana unasikia noti zikiruka kutoka chini hadi juu kwa umbali ambao mkono mmoja usingeufikia. Sharti lake liko kwenye amplifaya. Kugonga uzi kwa kidole kunatoa sauti ndogo kuliko kuuchokoa, ila amplifaya ikisukumwa hadi ijae inasawazisha: iliyopigwa kwa nguvu inabanwa, ya taratibu inapandishwa, zote zinatoka karibu sawa. Jaribu mbinu hiyo kwenye gitaa la sauti safi utaona linavyonong'ona.

"Heavy Chains" inaonyesha upande mwingine. Inaanza na gitaa safi, polepole, kabla ya uzito kuingia, na hapo Niihara anapata nafasi ya kuimba badala ya kupiga kelele. Kiingereza chake kina lafudhi nzito na maneno mengine yanamtoka yakiwa yamebonyea. Kuna waliomcheka kwa hilo. Mimi naona imewasaidia, kwa sababu mashairi yenyewe ni ya kawaida sana, usiku, barabara, minyororo, na sauti yake ya kukwaruza ndiyo inayokufanya uamini. Hata zile herufi M-Z-A zinazopigiwa kelele kwenye "Crazy Nights" hazina maana yoyote, na umati haujawahi kujali.

Upande wa pili unalegea. "Clockwork Toy" na "No Way Out" zinapita bila kuacha alama kubwa kwangu.

Albamu ilifika namba 74 kwenye Billboard 200, chati ya albamu ya Marekani, na mwaka huohuo wakawa wanawafungulia maonyesho bendi ya Mötley Crüe, ikiwemo kwenye ukumbi wa Madison Square Garden, New York. Iliyofuata, Lightning Strikes ya 1986, pia ya Norman, ilipanda hadi 64, na baada ya hapo Marekani ikapoa. Ya 1987 alipewa Eddie Kramer, fundi wa Jimi Hendrix, lakini mauzo hayakufuata. Niihara akaondolewa, akaletwa Mmarekani Mike Vescera kwenye kipaza sauti, hesabu ya kibiashara ambayo mpaka leo siielewi: ukimtoa yule mwenye lafudhi, unabaki na bendi inayofanana na mia nyingine za Los Angeles. Wale wanne wa mwanzo walirudiana mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakapiga pamoja hadi Higuchi alipofariki kwa saratani ya ini Novemba 2008.

Kama hujawahi kuisikiliza, vaa hedifoni na uanze na wimbo wa pili, "Like Hell", unaokwenda kasi zaidi. Fuata besi peke yake mpaka solo iishe, kisha ndio urudi "Crazy Nights". Ukimaliza, tafuta "Crazy Doctor" kutoka Disillusion ya 1984. Huko Takasaki hajazuiwa na mtu, na mashabiki wengi watakwambia hiyo ndiyo albamu bora kuliko hii. Kwa gitaa peke yake sibishani nao.